Kupanga Matofali ya Kuchoma ili Ukuta Ushikane

Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 lilibomoa nyumba nyingi za matofali, na mafundi wanaojenga huko wanapaswa kuelewa kinachoushikilia ukuta.

Loweka matofali kabla ya kuyapanga, kwa sababu tofali kavu hunyonya maji ya mota (mchanganyiko unaounganisha matofali) na kuiacha bila nguvu ya kushika. Panga kila tofali katikati ya mawili yaliyo chini yake: tofali la sentimita 22 lilalie la chini kwa sentimita 11. Mlalo huo ukipungua hadi sentimita 3 au 4, eneo la msuguano kati ya matofali hupungua vilevile, na ufa hupata njia fupi ya kupanda kama ngazi kupitia kwenye viungo. Viungo vya wima vilivyofuatana kozi (safu ya matofali) baada ya kozi ni kosa ambalo, kwa maoni yangu, fundi hapaswi kusamehewa.

Msuguano hutegemea pia uzito unaokandamiza. Kila mita moja ya kimo cha ukuta huongeza takriban kilo 1,800 kwa kila mita ya mraba ya kitako cha ukuta. Hivyo kozi za chini hubanwa sana, ilhali zile za juu, chini ya paa jepesi la bati, huteleza kwa urahisi ardhi inapotikisika. Kwa hiyo funga sehemu ya juu kwa mkanda wa zege wenye nondo unaozunguka nyumba nzima, na katika pembe fungamanisha matofali ya kuta zote mbili kwa kupishana katika kila kozi.