Kuipoza Hewa Inayoingia Kwenye Injini ya Turbo kwa Magari ya Arusha na Moshi

Asubuhi ya Julai, ukiwa umevaa sweta na Mlima Meru umejifunika mawingu, ni vigumu kuamini kwamba hewa inayotoka kwenye turbo ya gari lako ina joto kubwa kuliko ya gari kama hilo lililoko Dar es Salaam. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na huku juu shinikizo la hewa ni kama asilimia 85 tu ya lile la pwani. Ili turbo iijaze injini kiasi kilekile cha hewa, inalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi na kuigandamiza hewa hiyo nyepesi kwa nguvu zaidi, na hewa ikigandamizwa hupata joto, kama anavyojua kila aliyewahi kupiga pampu ya baiskeli akahisi ncha yake inavyochoma vidole.

Tuchukue injini ambayo kompyuta yake inataka hewa ifikie shinikizo la bar 1.7, ukihesabu pamoja na lile la hewa ya kawaida, ndani ya manifodi (bomba linaloigawa hewa kwenye silinda), na turbo yenye ufanisi wa asilimia 70. Pwani, kwenye joto la nyuzi 30, hewa hiyo hutoka kwenye turbo ikiwa na nyuzi 100 hivi. Arusha, hata kama nje ni nyuzi 25, hutoka ikiwa imepita nyuzi 115. Moshi, iliyo chini ya mita 1,000, husumbuliwa kidogo na wepesi wa hewa, lakini Januari na Februari jua lake hulipia pengo hilo. Kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka hupunguza uzito wa hewa kwa asilimia 3 hivi. Kwenye injini ya petroli joto hilo huleta kugonga, yaani petroli kulipuka ovyo ndani ya silinda, kompyuta nayo huchelewesha cheche ili kuilinda injini, na wewe unaona tu kwamba gari limekosa nguvu mlimani. Kwenye dizeli utaona moshi mweusi, na ekzosi itazidi kuwa ya moto.

Kabla ya kununua chochote, pima. Chomeka kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, endesha kwa mwendo wa kawaida kwa dakika 20, kisha linganisha joto la hewa inayoingia na joto la nje. Hapa pana mtego: kwenye Subaru nyingi sensa hiyo imo ndani ya sensa ya kupima hewa, kabla ya turbo, kwa hiyo inakuambia tu kama filta inavuta hewa safi ya nje, na haisemi lolote kuhusu intakula, kile kipoza hewa chenye mapezi kilicho kati ya turbo na injini. Kwa gari la aina hiyo, funga kwa muda kipimajoto cha waya juu ya bomba linalotoka kwenye intakula na ukizungushie sponji. Hakitakuwa sahihi kabisa, lakini kitakuonyesha mabadiliko kabla na baada ya kazi. Sensa ya kabla ya turbo ikizidi joto la nje kwa zaidi ya nyuzi 10 gari likiwa barabarani, anza na kasha la filta.

Nasema hivi kwa uchungu kidogo. Niliwahi kukubali ushauri wa gereji moja, nikang'oa kasha la kiwandani la Forester yangu na kufunga filta ya koni iliyo wazi ndani ya boneti. Sauti ilikuwa tamu, lakini kwenye foleni ya karibu na Mnara wa Saa filta ile ilikuwa ikivuta hewa iliyokwisha kupikwa na rejeta na ekzosi. Hewa ya nyuzi 60 ni nyepesi kuliko ya nyuzi 28 kwa karibu asilimia 10, na hasara hiyo hutokea kabla turbo haijaanza kazi yake. Rudisha kasha la asili, pamoja na ule mdomo wa plastiki unaochukua hewa mbele karibu na taa, ambao mafundi wengi huutupa wakidhani hauna kazi. Ukiwa umepasuka, uzibe au utafute mwingine kwa wauza vifaa vya mtumba.

Baada ya hapo nenda kwenye intakula yenyewe. Magari yetu hupita barabara za vumbi la volkano, laini kama unga, na vumbi hilo likikutana na mvuke wa oili hugeuka kuwa tope linaloshika mapezi ya alumini. Ifungue, uimulike kwa tochi kutoka upande wa pili. Mwanga usipopita, hewa nayo haipiti. Puliza kwa kompresa kwa shinikizo dogo kutoka upande wa ndani kwenda nje, na mapezi yaliyolala yanyooshe kwa kijiti cha meno, polepole, safu kwa safu. Mashine ya kuoshea magari itayalaza zaidi. Ndani, yayushe mafuta kwa mafuta ya taa, osha kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni, suuza, kisha ianike juani siku nzima, kwa sababu mafuta yoyote yanayobaki huvutwa na injini, na kwenye dizeli yakiwa mengi injini inaweza kupanda mzunguko bila kukanyagwa. Ukikuta oili imetuama chini, usiishie kwenye kusafisha: turbo au njia ya kupumulia ya injini ina tatizo.

Kwenye gari lenye tundu juu ya boneti, kitu kidogo chenye faida kubwa ni ile raba ya sponji inayoziba nafasi kati ya tundu hilo na intakula. Ikichakaa, hewa inayoingia huteleza pembeni na kuiruka intakula kabisa. Paka chaki kwenye ukingo wa raba, funga boneti, fungua tena: mahali ambapo chaki haikuacha alama upande wa pili ndipo hewa inapotorokea. Sponji ngumu ya fundi makochi hufaa, mradi ibandikwe kwa gundi inayostahimili joto.

Mipira ya turbo, yaani mabomba ya mpira yanayopitisha hewa yake, nayo ikaguliwe. Uvujaji hulazimisha turbo kufanya kazi ya ziada, na kazi hiyo hugeuka joto. Ziba mdomo wa turbo, ingiza upepo usiozidi shinikizo la kawaida la injini hiyo, na pakaa povu la sabuni kwenye kila klipu.

Kuhusu intakula kubwa ya mbele ya bampa, maoni yangu ni kwamba ije mwisho. Hupoza vizuri, lakini huziba hewa ya rejeta, na mabomba yake marefu huichelewesha turbo kuitikia. Kuinyunyizia intakula maji husaidia kwa muda mfupi, ila yawe maji safi ya kuongezea betri (si asidi) au ya mvua, kwani maji ya bomba yenye chumvichumvi huacha ganda kwenye mapezi.

Kazi ikiisha, pima tena kwenye mlima uleule, saa ileile ya siku. Mimi hutumia kipande cha kutoka Njiapanda ya Himo hadi Marangu Mtoni, saa nane mchana, gia ya tatu. Hewa baada ya intakula ikibaki ndani ya nyuzi 20 juu ya joto la nje hadi juu, funga boneti. Ikizidi, rudi kwenye raba na mipira kwanza.