Somo: Spoku nyembamba hubebaje uzito wa mtu?

Spoku ya kawaida ya baiskeli ina unene wa milimita 2 hivi. Isimamishe sakafuni, ikandamize kwa kiganja: inapinda papo hapo. Kwa hiyo wazo kwamba spoku za chini zimesimama kama nguzo, liweke kando.

Hatua ya 1. Bana spoku mbili za jirani kwa vidole. Zikiwa zimekazwa vizuri, hazisogei kirahisi. Hata baiskeli ikiwa haina mtu, kila spoku inaivuta ringi kuelekea kwenye habu (kitovu cha gurudumu) kwa nguvu inayoweza kufika kama uzito wa kilo 100.

Hatua ya 2. Piga kwa ukucha spoku ya gurudumu la nyuma inayoelekea ardhini, kama uzi wa gitaa. Shika mlio wake kichwani.

Hatua ya 3. Mwenzako akae kwenye kiti, baiskeli ikiwa imeshikiliwa wima. Ipige tena ileile: mlio umeshuka. Sasa jaribu ya juu. Tofauti huwezi kuisikia.

Hapo ndipo penye siri yote. Ardhi inaisukuma ringi juu, spoku chache za chini zinalegea kidogo. Mvuto wa kwenda chini ukipungua, wa kwenda juu unauzidi, na ziada hiyo ndiyo inayoishikilia habu isishuke. Mpanda baiskeli anabebwa na kulegea huko! Ndiyo maana mkazo ni uhai wa gurudumu: spoku iliyolegea tangu mwanzo haina cha kupunguza.

Maswali ya wanachama

Mbona zangu hukatika karibu na habu, na mzigo wenyewe si mkubwa?
Kila mzunguko spoku inalegea na kukazika tena, na chuma huchoka pale kwenye kona. Zikiwa legevu huchoka mapema. Kabla ya kununua nyingine, kagua mkazo wa gurudumu zima.

Kwa nini zimepishana, zisitoke katikati moja kwa moja?
Ukikanyaga pedali, habu inajaribu kuzunguka ndani ya ringi. Spoku za mshazari huupeleka msokoto huo kwenye ringi. James Starley wa Uingereza alipata hataza ya mpangilio huo mwaka 1874.

Nikaze kiasi gani?
Robo mzunguko wa nati kwa kila mara, kisha zungusha gurudumu utazame kama ringi imehama. Usikaze moja tu hadi mwisho, utaipinda ringi.