Tairi kulingana na fenda: kuchagua ofseti na spesa

Kabla hujalipia rimu hata moja, pima gari lako. Wengi hapa Arusha na Moshi huanzia dukani: rimu inapendeza, inafungwa, na wiki hiyohiyo mwenye gari anatafuta spesa (visahani vya kuweka kati ya rimu na gari) za kuisogeza nje au fundi wa kukunja fenda. Fedha hiyo ingeongezwa kwenye rimu yenye ofseti sahihi tangu mwanzo, kazi ingekuwa imekwisha.

Ofseti ni umbali, kwa milimita, kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso wa rimu unaokaa kwenye habu, kitovu cha gari kinachofungiwa gurudumu. Utaikuta imegongwa nyuma ya spoku, mfano 17x7.5J ET38, yaani kipenyo inchi 17, upana inchi 7.5, ofseti 38; rimu nyingi za Japani huandika +38. Namba ikiwa kubwa, rimu inaingia ndani kuelekea shokapu. Ikipungua, rimu inatoka nje kuelekea fenda. Spesa inafanya kazi hiyohiyo ya kupunguza namba: 5 mm juu ya ET38 ni sawa na ET33.

Maandishi yakiwa yamefutika, laza rimu kifudifudi juu ya kitambaa, weka rula ndefu iliyonyooka juu ya kingo za nyuma, kisha pima kushuka hadi uso unaokaa kwenye habu. Toa nusu ya upana wote wa rimu, ukingo wa nje hadi ukingo wa nje. Ukipata kina cha 146 mm na upana wote 216 mm, nusu yake ni 108, ofseti ni 38. Usitumie 7.5J kwenye hesabu hii, kwa sababu J hupimwa pale tairi inapokaa, ndani ya kingo.

Kupima gari

Tafuta sakafu ya usawa, kama zege la kituo cha mafuta. Kama gari lilikuwa kwenye jeki, lisukume mbele na nyuma kwanza ili springi zitulie, steringi ikiwa imenyooka. Funga nati kwenye uzi, ushikilie uzi ukingoni mwa fenda juu kabisa ya tairi, uache uning'inie. Pima kutoka kwenye uzi hadi ubavu wa tairi mara mbili: juu ya tairi, na katikati usawa wa habu. Kipimo cha katikati ndicho macho yanachokiona ukisimama pembeni ya gari. Cha juu ndicho kitakachokutana na fenda gari likibonyea. Kama tairi imeinamia ndani digrii 1, juu yake inaingia kama 5 mm kuliko katikati, kwa tairi yenye kimo cha sentimita 63.

Pima magurudumu yote manne. Gari lililowahi kugongwa au lenye bushi zilizochoka halilingani kulia na kushoto, na hesabu lazima ifuate upande wenye nafasi ndogo.

Ndani, pima kutoka ubavu wa tairi hadi shokapu, kisha hadi kikombe cha springi kama tairi inafika kimo hicho. Kwenye magari mengi madogo ya Toyota na Subaru, shokapu ya mbele imefungwa pamoja na habu, kwa hiyo nafasi hiyo haibadiliki sana gari likiruka tuta. Inayobadilika ni ya fenda.

Hesabu

Tuseme gari lina tairi 195/65R15 (namba ya kwanza ni upana kwa milimita) kwenye rimu ya 6J ET45. Nje, juu ya tairi, umepata nafasi ya 32 mm. Ndani hadi shokapu 20 mm. Unataka 17x7.5J ET38 na tairi 225/45R17. Vimo vya tairi vinakaribiana mno, yote mawili kama 634 mm, kwa hiyo spidomita haitadanganya.

Tairi mpya ni pana kwa 30 mm, yaani 15 kila upande. Ofseti imepungua 7. Nje inasogea 15 + 7 = 22 mm, inabaki nafasi ya 10. Ndani inasogea 15 − 7 = 8 mm, inabaki 12. Fanya hesabu hiyohiyo kwa kingo za rimu: tofauti ya inchi 1.5 ni 38 mm, nusu yake 19. Kingo zinasogea nje 19 + 7 = 26, ndani 19 − 7 = 12. Gari hili linaweza kuvaa ET33 na kubakiza 5 mm, au ET38 na spesa ya 5 mm. Kati ya hizo mbili, chukua ET33.

Ubakize ngapi? Kwa gari linaloishi lami ya mjini, 4 hadi 5 mm nje inatosha na kwa macho tairi imeshalingana na fenda. Ndani usishuke chini ya 5 mm. Lakini kama masika inakukuta ukipanda Kibosho au Machame, weka 10 mm ndani, maana tope hujikusanya kati ya tairi na shokapu, na likikauka na changarawe zake linaichuna tairi pole pole mahali usipopaona. Pia fikiria Desemba: watu watano, mizigo ya sikukuu, gari limekaa chini nyuma, na kona za kupanda Rombo. Tairi ambayo mwaka mzima haikugusa chochote ndipo itakapokata kwenye fenda.

Kwa magurudumu ya mbele, tusingevuka 15 mm kutoka ofseti ya kiwandani, spesa ikiwemo. Ukizidisha, steringi inaanza kuvutwa na kila shimo, gari linavuta upande ukifunga breki barabara isiyo sawa, na beringi inabeba mzigo kwa mkono mrefu kuliko ilivyoundiwa.

Usisahau uwezo wa tairi kubeba. 195/65R15 ina alama 91, na 225/45R17 ya kawaida nayo 91. Ukienda 215/45R17, ya kawaida ni 87, kwa hiyo dai yenye maandishi XL, yaani iliyoimarishwa, ambayo inarudi 91. Na kuivutia tairi nyembamba kwenye rimu pana ili ipite kwenye fenda hatushauri kabisa kwa barabara zetu: ukingo wa rimu ndio unaopokea shimo, na rimu inapinda siku ya kwanza.

Matundu, habu na nati

Allion na Premio za matundu matano, pamoja na Subaru nyingi za zamani, ni 5x100, yaani matundu matano kwenye duara lenye kipenyo cha 100 mm. Altezza na Mark X ni 5x114.3. Vitz ni 4x100. Kwa rimu ya matundu matano, pima katikati ya tundu hadi katikati ya tundu la jirani: 58.8 mm ni 5x100, 67.2 mm ni 5x114.3, na 65.8 mm ni 5x112 ya magari ya Ujerumani. Hizi mbili za mwisho ndizo hatari, kwa sababu rimu ya 5x112 inakaribia kuingia kwenye 5x114.3. Nati mbili zinaingia vizuri, ya tatu inakataa, fundi anaikaza kwa nguvu, na stadi, yaani bolti ya habu inayoshika nati, inapinda. Kagua pia kama matundu yametanuliwa. Rimu ya hivyo irudishe.

Tundu la kati likiwa kubwa kuliko habu, weka ringi ya kujaza nafasi. Habu ya Toyota ya 5x114.3 ni 60.1 mm, ya 5x100 ni 54.1, ya Subaru 56.1. Fundi wa kukereza anaweza kukutengenezea ringi ya aluminiamu kwa vipimo hivi. Bila ringi, gari linaweza kutetemeka ukishika kasi ya 80 hadi 100 kwenye barabara ya Moshi, na utarudia balansi bila kupona.

Nati za rimu za aluminiamu za kiwandani za Toyota nyingi zina washa bapa. Rimu za dukani nyingi zinataka nati yenye kichwa cha koni. Ukitumia za zamani zitabana kingo tu za tundu, na zitalegea.

Spesa

Spesa bapa ya 3 au 5 mm inakula urefu wa stadi. Nati lazima ishike uzi kwa urefu usiopungua unene wa stadi, yaani 12 mm: kwa Toyota, M12x1.5 (unene 12 mm, kila mzunguko unasogea 1.5 mm), ni mizunguko 8 kamili. Kwa Subaru na Nissan, M12x1.25, ni 10. Funga rimu, hesabu mizunguko kwa mkono. Ikipungua, badilisha stadi ziwe ndefu au acha spesa.

Kuanzia 15 mm tumia spesa yenye stadi zake, inayoshika habu kwa ndani na rimu kwa nje. Kwenye spesa nyembamba za aina hii, stadi za kiwandani huchomoza. Hakikisha rimu ina vishimo nyuma vya kuzipokea, la sivyo haitakaa. Spesa ya kukerezwa kwenye bamba la chuma usilolijua, yenye stadi za kuchomelea, usiifunge. Wala usipandanishe spesa mbili.

Sugua kutu kwenye habu kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae. Punje moja ya kutu inaifanya rimu ikae upande. Stadi zisipakwe grisi. Kaza kwa mtindo wa nyota, kwa spana ya kupimia, 103 Nm kwa Toyota nyingi ndogo. Spesa kwanza, kisha rimu.

Kujaribu

Paka chaki ukingo wa ndani wa fenda na bapa za madigadi. Jaza watu, kata steringi mwisho kulia na kushoto, pandisha gurudumu moja kwenye ukingo wa barabara, kisha pita matuta taratibu. Chaki ilipofutika ndipo panapogusa. Mara nyingi ni skurubu inayoshika bampa na fenda. Itoe, fungia mahali pengine. Fenda ikibidi kukunjwa, rangi ipashwe moto kwanza, na ufa wowote uzibwe kabla mvua haijaingia.

Fanya alaimenti baada ya kufunga. Ukifika kilomita 100, kaza tena nati zote, rimu ikiwa imepoa, na za spesa pia, hata kama itabidi kuvua rimu kuzifikia.