Jinsi ya Kupima Makundi ya Seli T Saidizi katika Damu ya Panya wa Lewis na Brown Norway

Mtafiti wa Nairobi anayekusudia kupima seli T saidizi, yaani seli nyeupe za damu zinazoziongoza seli nyingine za kinga, hana budi kuanza na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu ya Kenya, na kibali cha kamati ya maadili ya wanyama katika taasisi yake. Aagize mapema kingamwili, protini zinazoshika alama maalumu juu ya seli, na asiziache forodhani zikapoteza baridi.

Lewis na Brown Norway ni koo mbili za panya wa maabara; chagua panya wa jinsia moja na umri mmoja. Lewis hupata kwa urahisi uvimbe wa ubongo na uti wa mgongo unaochochewa kwa protini ya mayelini, utando unaofunika neva, ilhali Brown Norway huuhimili. Lakini huyo huyo Brown Norway, akidungwa kloridi ya zebaki, hutoa IgE, kingamwili ya mzio, kwa wingi pamoja na kingamwili zinazoushambulia mwili wake mwenyewe. Kumwita panya mwepesi wa kuugua pasipo kuutaja ugonjwa, kwa maoni yangu, ni kutosema kitu.

Toa damu kwenye mshipa wa mkia, uitie katika chupa yenye heparini ya kuzuia kuganda, upasue seli nyekundu kwa kloridi ya amonia, kisha uoshe seli zilizobaki. Ziweke kwenye barafu, gizani, kwa nusu saa, pamoja na kingamwili tatu zenye rangi tofauti: W3/25 inayoshika CD4, alama ya seli T saidizi; R73 inayoshika kipokezi cha seli T; na OX-22 inayoshika CD45RC, alama inayozigawa seli hizo makundi mawili. R73 isiachwe kamwe, kwa sababu monositi, seli nyeupe zisizo seli T, nazo hubeba CD4 katika panya hawa. Na OX-22 hushika pia seli B, zinazotengeneza kingamwili, na nyingi kati ya seli T zenye alama ya CD8.

Kwenye mashine ya leza inayosoma rangi za kila seli, tenga kwanza seli zenye CD4 na kipokezi hicho, ndipo uzigawe kwa wingi wa CD45RC, ukitumia mpaka mmoja kwa panya wote. Uwiano wa zenye nyingi kwa zenye chache huwa mkubwa zaidi kwa Lewis. Zenye nyingi hutoa intaferoni gama, protini ya kuashiria kinga. Zenye chache hutoa intaleukini 4, protini nyingine ya aina hiyo, na kuzisaidia seli B. Mwaka 1990, Fiona Powrie na Don Mason walionyesha kwamba panya wasio na thaimasi, tezi ambamo seli T hukomaa, waliopewa kundi la kwanza peke yake walikonda na kuugua, lakini walipoongezewa la pili walikingika.

Hata hivyo, seli iliyoamshwa hupoteza CD45RC na huweza kuirudisha baadaye. Kwa hiyo panya mwenye maambukizi yaliyojificha, yanayoziamsha seli, aondolewe kabla ya kulinganisha.