Usiwaulize wanatafutaje, kaa pembeni uwaangalie

Ukitaka kujua watu wanavyotafuta kwenye kanzidata, yaani hifadhi ya taarifa ya kwenye kompyuta, usiwaulize. Watakwambia "natafuta vizuri tu". Vuta kiti, nyamaza, andika kila wanachochapa, hata makosa ya herufi.

Juzi hapa Lindi nilikaa na mwanafunzi anayemtafuta mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria aliyechimbwa kati ya 1909 na 1913, mifupa yake ikapelekwa Berlin. Akaanza na sentensi nzima: "mjusi mkubwa wa tendaguru alipelekwa wapi". Sifuri. "Dinosaria tendaguru". Sifuri tena. Akahamia Google, hata dakika mbili hazijaisha! Kumbe kwenye kanzidata yumo, ila kwa jina la kisayansi la Giraffatitan brancai, na rekodi za zamani zinamwita Brachiosaurus brancai. Mtoto wa watu angejuaje?

Daftarini weka safu ya neno la mwisho kabla mtu hajakata tamaa. Mimi naiona hiyo kuwa na faida kuliko zote. Mfumo ukikuruhusu, toa na orodha ya utafutaji uliorudisha sifuri, uilinganishe. Kisha ingiza maneno yao, "mjusi" ikiwemo, kwenye rekodi zenyewe.