Dota 2 inakwama kwenye laptopu ya ex-UK? Angalia chaja kabla ya setingi

Mwongozo huu ni wa yule aliyenunua laptopu ya ex-UK, yaani iliyotumika Uingereza, zile Latitude za Dell, EliteBook za HP na ThinkPad za Lenovo zilizojaa madukani hapa Kisumu, akaweka Dota 2, na sasa kila vita vikianza skrini inaganda. Nazungumzia hasa mashine za kizazi cha sita zenye prosesa kama i5-6300U na grafiki za ndani za Intel HD 520, kwa sababu ndizo ninazoletewa zaidi. Yako ikiwa ya kizazi kingine, njia ni ile ile, tarakimu tu ndizo zitabadilika.

Wengi hunijia wakiwa tayari wameteremsha kila setingi ya gemu hadi mashujaa wanafanana na vinyago vya udongo, na bado inakwama. Ukifika hapo, elewa kwamba shida haiko ndani ya gemu. Na kama umeshapakua moja ya zile programu zinazojidai kuongeza kasi ya gemu kwa kubofya mara moja, ifute kabla hatujaanza. Mashine ya RAM ya GB 8 haina nafasi ya kufuga mpangaji asiyelipa.

Hatua ya 1: Ni mtandao au ni picha?

Ndani ya Dota, kwenye setingi, washa onyesho la taarifa za mtandao. Kona ya skrini itakupa pingi, yaani muda ambao amri yako inatumia kwenda kwenye seva na kurudi, na FPS, yaani fremu ngapi zinachorwa kwa sekunde. Pingi ikipanda huku FPS imetulia, utaona shujaa anachelewa kukutii lakini ukisogeza kamera inateleza bila shida: huo ni mtandao. FPS ikianguka, hata kamera yenyewe inarukaruka. Ukitaka uhakika, cheza na boti kwenye mashine yako mwenyewe bila kuingia kwenye seva. Ikikwama hata hapo, acha kununua bando kubwa zaidi, intaneti haina kosa. Ikiwa ni pingi tu, mwongozo huu haukuhusu: seva unazochagua ziko Afrika Kusini, Dubai au Ulaya, na umbali huo hauondolewi na fundi yeyote.

Hatua ya 2: Soma kasi ya prosesa vita vikiendelea

Weka gemu kwenye dirisha dogo, bonyeza Ctrl+Shift+Esc, fungua Performance kisha CPU. Acha asilimia, kila mtu huzitazama na hazikwambii mengi. Tazama palipoandikwa Speed. Prosesa ya i5-6300U ina kasi ya kawaida ya GHz 2.4 na inaweza kupanda hadi 3.0. Vita vikipamba moto, ndani ya masafa hayo ndipo inapofaa kuwa.

Unachotafuta ni mambo mawili: kasi imeshuka hadi ngapi, na imeshuka lini. Ikiwa iko chini ya GHz 1 tangu unapowasha mashine na haipandi hata ufanye nini, nenda hatua ya 3. Ikiwa gemu inaanza vizuri, halafu baada ya robo saa hivi kasi inaporomoka, ni joto, hatua ya 4. Kasi ikibaki juu wakati wote na FPS bado ni ya kusikitisha, ruka hadi hatua ya 5.

Hatua ya 3: Chaja

Hapa ndipo watu wanapoteza wikendi nzima, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Laptopu nyingi za kiofisi hazipokei umeme tu na kunyamaza. Zinaiuliza chaja: wewe ni ya wati ngapi? Kwenye Dell zenye tundu la duara, jibu hupita kwenye sindano nyembamba iliyo katikati ya kichwa cha chaja. Ndani ya chaja mna kichipu kidogo kinachosema mimi ni wati 65, au 90. Jibu lisipofika, mashine inajilinda. Haichaji betri, na inaishusha prosesa hadi kasi ya kutambaa ili isivute umeme mwingi kutoka kwa chaja isiyoijua. Huo si uharibifu, imeundwa hivyo. Lakini mara nyingi mwenye mashine haoni onyo lolote akiwa ndani ya Windows. Anaona taa inawaka na mashine inafanya kazi. Kusoma barua pepe inaweza. Ni Dota tu inayomfedhehesha.

Mwanafunzi mmoja wa Maseno aliniletea Latitude ya namna hiyo. Alikuwa ameweka Windows upya, amebadilisha draiva, ameshauriwa na marafiki auze anunue nyingine. Speed ilikuwa imegota kwenye GHz 0.79, hata kwenye skrini tupu. Nikamuuliza chaja ameitoa wapi. Ya asili ilipotea, hii alinunua kwa mchuuzi karibu na steji. Nikaichomoa, nikamulika kichwa chake kwa tochi ya simu: sindano ya katikati ilikuwa imelala ubavuni, imegusa ukuta wa chuma. Nilipochomeka chaja yangu ya asili ya wati 65 na kuwasha upya, kasi ilirudi hapo hapo.

Namna ya kuthibitisha kwenye Dell yako: zima mashine, iwashe huku unagonga F2 hadi uingie BIOS, zile setingi za mashine yenyewe zilizo nje ya Windows. Kwenye ukurasa wa taarifa za betri kuna mstari unaotaja chaja. Ukikuta wati zimeandikwa, mazungumzo yanafanyika. Ukikuta haijulikani, au hakuna kilichosajiliwa na chaja iko ukutani, umempata mchawi. Mara nyingine onyo huonekana pale mashine inapowaka, maandishi meupe yanayosema aina ya chaja haikutambulika, na watu hugonga F1 kupita bila kusoma. Tena onyo hilo linaweza kuzimwa ndani ya BIOS, na baadhi ya wauzaji hulizima ili mteja asiulize maswali. Kwa hiyo kutoliona si ushahidi kwamba chaja ni nzima.

Sasa tahadhari, na ni nyingi.

Usikimbilie kununua chaja mpya kabla hujaazima. Tafuta mtu mwenye Dell na chaja yake ya asili, jaribu kwa dakika tano. Ikipona, chaja yako ndiyo mbaya. Isipopona, shida iko kwenye tundu la mashine au bodi. Tundu mara nyingi ni kipande kidogo chenye waya wake, hubadilishwa bila kuchomea chochote. Bodi ni habari nyingine, hapo mpelekee fundi anayejua kuchomea vipuri vidogo.

Waya wa ile sindano ndio mwembamba kuliko wote ndani ya kebo ya chaja, kwa hiyo ndio hukatika kwanza, karibu na kichwa, pale mnapozungusha kebo mkiikunja. Ndiyo maana kuna chaja za asili zinazotambulika ukiishika kona fulani na kukataa ukiiachia. Ukiona hivyo usiifunge selotepu ukaendelea kucheza.

Sindano iliyopinda unaweza kuinyoosha kwa ncha ya pini, chaja ikiwa imechomolewa ukutani, polepole. Ikikatika, ndiyo imekatika.

Kuna programu inaitwa ThrottleStop yenye kisanduku cha BD PROCHOT. Ukikiondolea tiki, prosesa inaacha kutii amri ya kupunguza kasi, na Dota inapaa. Video nyingi huishia hapo na kukuita shujaa. Mimi huitumia kwa jambo moja tu, kuthibitisha ugonjwa. Amri hiyo hiyo ndiyo inayotumika sehemu nyingine za mashine zikizidiwa na joto, kwa hiyo ukiizima umezima na ulinzi huo. Halafu chaja bandia ya wati ambazo hakuna anayezijua inalazimishwa kutoa ambacho haiwezi. Iguse baada ya nusu saa ya kucheza, mkono wako utakupa jibu. Nunua chaja inayotambulika.

HP na Lenovo nazo zina namna zao za kuitambua chaja, kwa hiyo usidhani umepona kwa sababu yako si Dell. Na hata chaja ikiwa nzima, hakikisha unacheza ikiwa imechomekwa. Kwenye betri pekee mashine hupunguza nguvu, hasa ile alama ya betri ikiwa imewekwa upande wa kuokoa chaji. Betri iliyokufa kabisa pia inaweza kuleta shida, maana baadhi ya mashine huitegemea pale prosesa inapohitaji umeme wa ghafla.

Hatua ya 4: Joto

Kisumu iko chini, mita 1,100 na kitu juu ya usawa wa bahari, na mchana wa Januari chumba cha mabati kinakuwa tanuri. Mtu akija na mashine kutoka Nakuru, ambako baridi ya usiku ni ya kweli, anaweza kushangaa kwamba ilikuwa inacheza vizuri kule. Nyuzi chache za hewa ya chumba zinatosha kuivusha mashine iliyokuwa tayari ukingoni.

Pakua HWiNFO, programu inayosoma joto la prosesa, iache ikirekodi huku unacheza. Prosesa hizi zina kikomo cha nyuzi 100. Ukiona inagonga 95 na zaidi, safisha. Na kusafisha si kupuliza blowa kutoka nje. Vumbi hujipanga kama kipande cha blanketi kati ya feni na mapezi ya shaba, na ukipuliza kutoka nje unalisukuma kurudi kwenye feni. Fungua kifuniko cha chini, chomoa betri kwanza, toa feni, ling'oe blanketi hilo kwa brashi. Feni ishikilie kwa kidole unapopuliza isizunguke ovyo. Kisha futa pesti ya joto iliyokauka juu ya prosesa kwa alikoholi ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi, upake mpya, kiasi cha punje ya mchele. Dawa ya meno si pesti, hata kama umeona mtu akiifanya.

Na usichezee juu ya kitanda.

Hatua ya 5: RAM mbili badala ya moja

Grafiki za ndani hazina kumbukumbu yao. Zinakopa kwenye RAM ya mashine, na kasi ya kukopa ndiyo inayoamua FPS. Kipande kimoja cha RAM ya aina ya DDR4, ya kasi ya 2133, kinapitisha takriban GB 17 kwa sekunde. Ukiweka viwili, njia zinakuwa mbili, GB 34. Wauzaji wengi wa ex-UK huweka kipande kimoja cha GB 8 kwa sababu ni rahisi kwao. Task Manager, sehemu ya Memory, itakuonyesha nafasi ngapi zimetumika. Ukiona moja kati ya mbili, umeona pa kutumia pesa yako.

Kwangu mimi, katika vitu vyote vya kununua, hiki ndicho cha kwanza. Watu hukimbilia SSD, ile diski ya kasi. SSD itafanya gemu ifunguke haraka, lakini vita vikianza FPS ni ile ile. Ukiwa na GB 8, ongeza GB 8 nyingine. Ukipata ya GB 4 tu bado inasaidia, sehemu kubwa ya kumbukumbu itakwenda kwa njia mbili. Nenda dukani na kipande chako mkononi, usitaje kwa mdomo: DDR3L na DDR4 haziingiliani, kata yake iko mahali tofauti. Ingiza kwa kuinamisha, sukuma hadi dhahabu ipotee karibu yote, ndipo uilaze ishikwe na vibano vya pembeni.

Hatua ya 6: Draiva

Draiva ni programu inayoiwezesha Windows kuzitumia grafiki zako. Ukiona grafiki zako zinaitwa Microsoft Basic Display Adapter, huna draiva kabisa, na yote ya juu ni kazi bure. Chukua draiva kutoka tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu, si kwenye tovuti zinazojidai kukusanya draiva za dunia nzima. Weka, washa upya.

Hatua ya 7: Sasa ndiyo setingi

Ubora wa uchoraji wa skrini uweke asilimia 70 hivi. Vivuli zima. Skrini nzima badala ya dirisha. Kikomo cha FPS weka 60, kwa sababu skrini za mashine nyingi hizi huonyesha fremu 60 tu kwa sekunde na za ziada ni joto tu. Bado haitoshi? Shuka kutoka 1920×1080 hadi 1280×720, unapunguza doti za kuchora kutoka milioni 2 na kidogo hadi chini ya milioni moja. Maandishi yatakuwa na ukungu. Utazoea.

Wenye kompyuta za mezani walioongeza kadi ya grafiki: geuza mashine utazame nyuma. Waya wa skrini uchomekwe kwenye kadi, si kwenye tundu lililo karibu na zile za USB. Nimewahi kuitwa hadi mtaa wa Nyalenda kwa ajili ya hilo tu, na nauli ya boda ilizidi kazi.