Kumpata fundi wa kufunga au kutengeneza jenereta la nyumbani

Simu ninazopigiwa na wateja huanza na swali lile lile: "Fundi, kunifungia jenereta ni shilingi ngapi?" Fundi anayekutajia bei papo hapo, kabla hajaiona nyumba, mwache. Mimi ni fundi umeme, kazi zangu nyingi ziko Dar es Salaam, na haya nimemwandikia anayetaka kuajiri fundi, si anayetaka kujifungia mwenyewe.

Hatua ya 1: Jua unamtafuta fundi yupi

Jenereta ni mashine mbili zilizofungwa pamoja: injini, na alternata inayozalisha umeme. Kuliunganisha na nyumba ni kazi ya tatu, na si lazima mtu mmoja azijue zote. Fundi pikipiki anaweza kuinyoosha injini vizuri sana, lakini meinswichi yako usimpe.

Likigoma kuwaka, tatizo liko kwenye injini. Likiwaka kisha likazima baada ya sekunde chache, angalia oili kwanza, kwa sababu majenereta madogo mengi yana kihisi kinachozima injini oili ikipungua. Likiunguruma vizuri lakini taa haziwaki, na breka yake haijaruka, basi ni upande wa alternata: kaboni brashi, kifaa cha kurekebisha volti, au koili zimeungua. Hapo mtafute fundi anayesuka mota.

Tangu Bwawa la Julius Nyerere lianze kuzalisha umeme Februari 2024, majenereta mengi ya enzi za mgao yamelala stoo na petroli ndani ya tangi. Petroli ikikaa miezi huacha utando unaoziba kabureta. Dawa yake mara nyingi ni kuisafisha tu na kuweka mafuta mapya. Anayekutuma ununue kabureta nyingine kabla hajaifungua iliyopo, ana duka lake mahali.

Hatua ya 2: Andika mzigo wako

Chukua karatasi, orodhesha unavyotaka viwake umeme ukikatika, na wati za kila kimoja. Jenereta lililoandikwa KVA 5 (kipimo cha ukubwa wake) kwa kawaida hukupa kilowati 4 hivi, si 5. Pampu ya hospawa 1 hula wati 750 na zaidi ikishazunguka, ila inapoanza huvuta mara kadhaa ya hizo. Friji na kiyoyozi nao wana tabia hiyo. Pasi, birika na jiko la umeme visubiri umeme urudi. Fundi asiyekuuliza karatasi hii, ukubwa wa waya na breka atauotea.

Hatua ya 3: Omba leseni

Tanzania Bara leseni za mafundi umeme hutolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kwa madaraja. Kenya ni EPRA, mamlaka yao ya nishati. Soma jina, daraja na tarehe ya mwisho. Cheti cha VETA kinaonyesha kwamba amesoma, jambo zuri, lakini leseni ndiyo inayomruhusu kuifanya kazi. Kuomba si kumdharau mtu. Aliyenayo huitoa bila kununa.

Hatua ya 4: Muulize atautenganishaje umeme wa jenereta na wa TANESCO

Ukiuliza swali moja tu, liwe hili. Jibu unalolitaka ni chenjiova: swichi yenye nafasi tatu, ya TANESCO, ya kuzima katikati, na ya jenereta, inayokaa baada ya mita ya LUKU na kabla ya ubao wa breka. Kwa nyumba ya fezi moja ikate laini (waya wenye umeme) na nyutro (waya wa kurudishia) zote mbili. Lakiri ya mita isiguswe na mtu.

Jibu la kumfukuza fundi ni hili: "Nitakutengenezea waya wenye plagi pande zote mbili, unachomeka kwenye soketi." Kwanza, plagi ya upande wa pili ina pini zilizo wazi zenye umeme. Pili, mtu akisahau kuzima meinswichi, umeme wa jenereta unatoka nje hadi kwenye transfoma, na transfoma ikilishwa kinyumenyume hupandisha volti 230 hadi maelfu, wakati kijana wa TANESCO yuko juu ya nguzo akiamini laini imekufa. Na umeme ukirudi ghafla, pande mbili zikakutana, jenereta ndilo linaloungua. Eti chenjiova ni gharama! Bei yake ni ndogo kuliko ya kusuka alternata.

Muulize pia kuhusu ethi, waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini. Majenereta mengi madogo nyutro yake haijaunganishwa na bodi lake la chuma, na hilo linaweza kuifanya swichi ya ulinzi ile yenye kitufe cha T isikate umeme mtu anaponaswa. Fundi mzuri atapima na kukueleza atakachofanya. Anayesema "ethi si lazima", mwambie asante, umpe nauli.

Kuhusu waya: KVA 5 kwa volti 230 ni karibu ampia 22. Mimi sishuki chini ya waya wa milimita za mraba 4, na umbali ukiwa mrefu naweka 6.

Hatua ya 5: Kubalianeni mahali

Nje, angalau mita 6 kutoka kwenye madirisha, ya kwako na ya jirani, moshi uelekee kusiko na watu. Si koridoni, si kwenye stoo ya jikoni, hata mlango ukiwa wazi. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na huwaua watu usingizini. Najua mnaogopa wezi. Chomelea kibanda cha wavu, weka kufuli na paa la kuzuia mvua.

Hatua ya 6: Malipo

Tenganisha hela ya vifaa na ya ufundi. Dukani nendeni pamoja, risiti ibaki kwako. Sehemu ya ufundi ilipwe baada ya majaribio.

Hatua ya 7: Jaribuni fundi akiwepo

Awashe jenereta, aliache lipate moto, ndipo ageuze chenjiova na kuwasha vifaa kimoja kimoja huku akipima. Volti ikae jirani na 230, na mzunguko jirani na hezi 50. Kisha azime breka ya upande wa TANESCO, jenereta likiendelea, na apime kwenye skrubu za kuingilia umeme wa TANESCO za chenjiova: pasiwe na kitu. Akikataa kupima hapo, usimalizie malipo.

Aandike nafasi za chenjiova kwa Kiswahili, na amfundishe kila mtu mzima wa nyumbani, dada wa kazi akiwemo: kuzima huanza kwa kuondoa mzigo, injini ipumue dakika chache, ndipo swichi ya injini. Oili ya kwanza ya jenereta dogo la petroli hubadilishwa baada ya saa 20 hivi, halafu kila saa 100. Na kama litakaa muda mrefu, funga koki ya mafuta, uliache liwake mpaka lizime lenyewe.